Kilindi Kisichohesabiwa

Orma, ng'ambo ya mashariki
14 Septemba 1997

Kwako shemeji Gudveig,

Barua hii ikukute mzima, na kama una mafua basi yawe yale madogo ya kupiga chafya mbili yakaisha. Najua ni kichekesho kumwandikia mtu ambaye moshi wa jiko lake nauona nikiwa nanyoa ndevu. Lakini daraja liko kanisani, kilomita tisa kushuka na tisa kupanda, na simu ndiyo hiyo. Wiki iliyopita simu yako ililia mara mbili, ukasema "Haloo?" mtu akakata. Yule mtu ni mimi. Nilikosa pa kuanzia. Kwenye karatasi ulimi wangu una nafuu.

Umeshasikia kwamba mto wetu umefungwa. Katikati ya Julai, watu wamo mashuani, fimbo za kuvulia mkononi, tangazo likasomwa redioni: Orma hakuna kuvua, samoni wamepungua. Haya. Mimi kama mwenyekiti wa Chama cha Wavuvi sikukubali kukaa nimekunja mikono. Tumekwenda mjini Trondheim basi zima, na mabango, na bendera ya chama iliyoshonwa na Sunniva wa duka la mikate, tukasimama mbele ya Kamati ya Mito.

Nilisema hivi: "Sisi hatuvui kwa riziki, tunavua kwa raha. Lakini raha hiyo ndiyo iliyozoa taka mtoni, ndiyo iliyomwaga changarawe mpya samaki watage, ndiyo iliyojenga ngazi ya kuwapandishia samaki pale maporomokoni kwa mikono hii mnayoiona. Hakuna mtu anayeupenda mto huu kuliko anayengoja mwaka mzima kuusogelea na fimbo." Nilisema vizuri, shemeji. Sijisifu. Haya, najisifu.

Kisha akapewa nafasi Oddgeir wa kiwanda cha mbao. Unamjua. Alipewa dakika tatu za kutetea msimu, akazimaliza zote kwa samoni aliyemvua mwaka sabini na mbili. Mwanzo wa hotuba alikuwa na kilo kumi na nne, mwisho wa hotuba kumi na saba. Akasimama mwingine kumsahihisha, akasimama wa tatu na samaki wake. Bi Ragnfrid, mkuu wa Kamati, akavua miwani akasema, "Saa nzima nasikilizishwa uzito wa samaki walioliwa. Mimi nataka kujua walio hai."

Basi amri ni hii. Mwezi wa kumi tuhesabu samoni waliopanda kutaga, kuanzia maporomokoni hadi maji ya chumvi. Wakifika mia nne, msimu unafunguliwa tarehe mosi Juni. Wasipofika, mto unafungwa miaka mitano. Mitano! Nina sabini na nane, shemeji. Sitaki kufa nikiwa mwenyekiti wa wavuvi wasiovua.

Ombi langu ni dogo. Tupitie malishoni kwako kama kila mwaka, toka kwenye banda la mashua hadi kule chini. Tutapita kimya, kofia mkononi. Hatutakusumbua.

Wako,
Torleiv


Orma, ng'ambo ya magharibi
19 Septemba 1997

Bwana Mwenyekiti,

Piteni.

Fungeni geti. Mwaka jana mliliacha wazi, kondoo wangu wawili nikawakuta uwanja wa kanisa wanakula maua ya makaburi, mchungaji akanitazama kama mimi ndiye niliyeyala.

Kuhusu kofia, nisikilize. Miaka minane sasa, tangu mume wangu Eilert afariki, nawaona mnapita mbele ya dirisha langu na hizo kofia zenu mkononi, macho chini, mwendo wa kunyata. Hamgeuzi hata shingo. Na tangu hapo hakuna mashua hata moja iliyoingia kilindi chake hapa mbele ya nyumba. Kilindi ambacho nyinyi wenyewe mlikuwa mnakigombania! Marehemu alikuwa analetewa kahawa kitandani na watu wenye magari makubwa ili awapigie makasia asubuhi moja tu pale. Kafa, mnakizunguka kwa miguu.

Mimi si mtu wa kulalamika. Nasema tu kwamba macho ninayo.

Uliyepiga simu ukakata, uache. Nilidhani ni mwizi anachungulia kama niko nyumbani.

Gudveig


Orma, mashariki
14 Oktoba 1997

Shemeji,

Geti tulilifunga. Nililirudia mwenyewe mara mbili kulitikisa.

Tumehesabu Jumamosi. Nakueleza kwa sababu ulituona tukipita na lazima ulicheka. Watu saba wamejibana kwenye suti za mpira, miwani ya kuzamia usoni, mrija mdomoni, wanalala kifudifudi majini na kuuachia mto uwabebe. Ukimpita samoni unamhesabu, asiyepitwa hahesabiwi. Maji yalikuwa baridi ya kung'oa meno. Sunniva ndiye aliyehesabu vizuri kuliko wote, anahesabu kama anavyopanga mikate. Oddgeir alimhesabu samaki mmoja mara tatu, ati kila alipomwangalia aliona mwingine. Tukamfutia wawili. Hajaongea na mimi tangu hapo.

Lakini shemeji, niliona fahari pale chini. Miaka sitini navua, nilikuwa nawajua samoni wakiwa juu, wanapigana na mshipi. Sikuwahi kuwaona wakiwa kwao, maana miaka mingine ya kuhesabu mimi hubaki ukingoni na daftari. Wamesimama kwenye changarawe ile tuliyoimwaga sisi, wekundu, madume taya zimepinda, majike wanapiga mkia kuchimba kiota. Nililia ndani ya miwani. Ukilia ndani ya miwani huoni kitu, nikawapoteza kama watatu.

Jumla ni mia tatu arobaini na tatu.

Tumebakisha hamsini na saba. Nimejaribu kuipindua hesabu hii kila namna, haipinduki. Bi Ragnfrid anaisoma ripoti tarehe tatu Novemba, na habari ndiyo imeisha. Wenzangu wananiuliza tufanye nini, nawaambia tufe kiume. Ipo sehemu ambayo hatukuihesabu, lakini hiyo si ya kuzungumzwa, na simlaumu mtu. Heshima ni heshima.

Nilitaka tu uzisikie habari kutoka kwangu kabla ya kuzisikia dukani.

Torleiv


Orma, magharibi
20 Oktoba 1997

Torleiv,

Sehemu gani?

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Usiniletee mafumbo. Unataka kuniambia mlitoka majini kwenye banda langu, mkaburuza hizo nyayo zenu za bata za kuogelea katikati ya kondoo, mkaingia tena mtoni kule chini, na kilindi cha Eilert hamkukihesabu kabisa? Hata samaki mmoja?

Nilidhani mnakihesabu kutoka juu ya mwamba. Nilidhani kuna mtu wenu anabaki nyuma. Nilidhani kina kirefu mno kwa suti zenu. Miaka yote nawatungia sababu, kwa sababu nilikuwa naogopa ile ninayoijua.

Basi na niiseme. Eilert alifia mle, makasia mkononi, na tangu siku ile mmekiona kilindi kina nuksi. Mnakiogopa. Mtu aliyewapeleka kwenye samaki wenu wote wakubwa, aliyejua kila jiwe la mto huu kwa kisigino cha kasia, mmemfanya pepo. Hampiti mle msije mkapata balaa!

Aibu yenu. Jioni nakaa jikoni nawaona samoni wanavyoruka pale, mmoja anatua mwingine anapaa, hadi kondoo wanashtuka. Nilikuwa nasema moyoni, tazama Eilert, rafiki zako wamekukimbia, samaki hawajakukimbia.

Sasa mto mzima unafungwa kwa sababu wanaume wazima wanaogopa maji. Inapendeza, sivyo?

Gudveig


Orma, mashariki
23 Oktoba 1997

Shemeji! Shemeji Gudveig!

Nuksi? Nani kasema nuksi? Jamani! Nimemwamsha mke wangu usingizini mchana kumsomea barua yako, naye kabaki kashika mdomo.

Makasia! Ni makasia, shemeji!

Mpiga makasia akifa, makasia yake hutundikwa nje ya banda la mashua, bapa juu. Maadamu yametundikwa, kilindi kimelala. Hakivuliwi, hakiingiwi, hakitazamwi hata kwa udadisi, na apitaye anavua kofia. Siku mjane akiona moyo wake umetulia, anayashusha mwenyewe kwa mkono wake, na wote tunajua msiba umekwisha. Baba yangu alipokufa mama aliyashusha baada ya mwaka. Shangazi yangu alimaliza miezi minne, watu wakasema lakini wakavua.

Ya Eilert bado yametundikwa. Nayaona kwa darubini kila asubuhi, na Mungu anisamehe kwa darubini. Miaka minane tunasema, bado, bado, mwacheni, walipendana mno wale. Mwaka wa tatu Oddgeir alitaka kuja kukuuliza, mkewe akamwambia ukithubutu kwenda kuharakisha machozi ya mwanamke yule utalala kiwandani. Hata ile siku ya simu, ndilo nililotaka kuuliza. Ukasema "Haloo?" kwa sauti ile ile uliyokuwa unatuitia chakula zamani, nikaona mimi ni nani wa kukugusa jeraha. Nikakata.

Eilert rafiki yangu awe pepo? Mimi nilibeba jeneza lake, Gudveig. Bega la kulia, mbele. Nikipita pale kofia mkononi huwa namwambia, leo maji yako juu, leo yako chini, leo ungepapenda. Tunayemwogopa si yeye, ni wewe!

Torleiv


Orma, magharibi
25 Oktoba 1997

Torleiv,

Nimekaa na barua yako mezani siku nzima. Sijui nicheke au nikurushie kitu.

Mimi ni mtu wa visiwani, mnajua. Kwetu mtu akifa baharini, mashua yake inapakwa rangi mpya na maisha yanaendelea. Desturi za huku nilifundishwa na mama mkwe, na yeye alizaliwa ng'ambo hii ya magharibi, nyinyi ni wa mashariki. Siku ya tatu baada ya mazishi alinishika mkono akanipeleka bandani. Akayatundika yale makasia, akaniambia, "Usiyaguse. Mjane akiyashusha mwenyewe ni kama anamfukuza mume. Hayo yanaombwa. Watakuja waliopanda mashua yake, watakunywa kahawa, watayaomba, utawapa. Hapo ndipo utakapojua kwamba wanamtaka bado."

Kisha akafa yeye naye, na mimi nikangoja.

Nimewangoja miaka minane, Torleiv! Kila mwezi wa kumi, siku ya kuhesabu, nimeoka mikate bapa ya viazi, nikatoa siagi na jibini ya kahawia, nikapanga vikombe tisa, nikavaa sweta la kanisani. Nikakaa dirishani. Nanyi mkapita kofia mkononi, macho chini, hamkunitazama. Mikate niliwalisha kondoo. Mwaka jana niliangusha kilio mbele ya sufuria kama mtoto. Sikuwa namlilia Eilert tena. Nilikuwa najililia mwenyewe, kwamba niliolewa na mtu ambaye hakuna aliyekuja kumwomba.

Mto mmoja, kingo mbili, kila ukingo na akili yake! Na wote tuna midomo. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto wetu, sisi wenyewe tunakufa kwa kiu tukitazamana.

Kahawa iko tayari. Njoo uombe.

Gudveig


Orma, mashariki
28 Oktoba 1997

Shemeji,

Nakuja Alhamisi. Nakuja na Oddgeir, Sunniva na wengine, sote saba. Nimeshampigia Bi Ragnfrid. Anatuma mkaguzi wake Ijumaa, anasema kilindi kikihesabiwa mbele ya macho yake kitaingia kwenye jumla.

Nakuja na kofia kichwani.

Torleiv


Orma, magharibi
1 Novemba 1997

Kwa Torleiv, wodi ya mifupa, hospitali ya mjini

Shemeji yangu,

Pole na kifundo cha mguu. Mtu kaomba makasia vizuri, kalia vizuri, kala mikate sita, katoka na makasia begani amenyooka kama askari wa mfalme, anateleza getini! Nilikuambia kuna barafu. Hukusikia, ulikuwa unajibu mashangilio. Ulipoanguka uliyanyanyua makasia juu yasiguse chini, ukavunjika wewe. Nimeliona hilo na sitalisahau.

Sasa sikiliza ya jana, kwa sababu najua Oddgeir atakuja na matoleo yake.

Mkaguzi alifika asubuhi, bwana mrefu mwenye pua inayovuja, akasimama juu ya mwamba. Akasema kilindi kile ni kipana, sheria ni watu wawili sambamba. Sunniva akaingia kwenye suti yake. Akageuka kuwatazama wanaume. Torleiv, walikuwa wamesimama ukingoni watano, wote wamevua kofia! Makasia yameshushwa, kahawa imenywewa, kila kitu kimesemwa, bado hawana miguu. Nikamwambia Oddgeir, "Ingia basi." Akasema, "Bibi, mimi nitaingiaje kabla yako?" akaanza kufuta macho kwa kofia. Mtu wa kilo mia moja na ishirini.

Nikaona hapa tutazeeka. Suti yako ilikuwa imelala pale kwenye nyasi haina mtu. Nikaenda bandani nikaivaa. Tumbo lako limenipa nafasi ya kutosha, asante, nilijaza na sweta mbili.

Nina miaka sabini na nne, lakini nilijua kuogelea kabla ya kujua kusoma, na bahari ya kwetu haimbembelezi mtu. Nikaingia. Sunniva kushoto, mimi kulia. Nikaweka uso majini.

Sikujua. Miaka hamsini nimeishi juu ya kilindi hicho, nimefulia pale, nimemngoja mtu pale, sikujua chini pakoje. Ni ukumbi. Mwanga unaingia wa kijani halafu wa kahawia, na wamo wamepangana, vichwa vyote vimeelekea mkondo unakotoka, wakubwa kwa wakubwa. Kuna jike mmoja alikuwa mrefu kama mkono wangu na nusu, ubavu una makovu, hakunipisha. Mimi ndiye niliyempisha. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, kumi na kumi, na moyo unanidunda hadi masikioni. Sikuogopa. Nilijivuna, Torleiv. Nilijivuna hadi nikasahau baridi. Nilikuwa nasema ndani ya mrija, hawa wamekaa kwetu, hawa ni wa kwetu.

Tulipotoka, mkaguzi akatutenga kila mtu aseme yake. Sunniva akasema tisini na mmoja. Mimi nikasema themanini na wanane. Mkaguzi akauliza tuandike ipi, na watu wako wote kwa sauti moja wakasema, "Ndogo!" Wavuvi wa Orma kuchagua idadi ndogo! Nilitamani ungekuwepo.

Mia nne thelathini na moja. Hesabu mwenyewe hapo kitandani.

Oddgeir alinifunika koti lake, akavaa kofia, akaniambia, "Bibi, katika wale wanane wa mwisho ulimhesabu mmoja mara mbili?" Nikamchapa kofi la mgongo.

Pona haraka.
Gudveig


Orma, mashariki
24 Novemba 1997

Shemeji Gudveig,

Nimerudi nyumbani na magongo mawili. Barua yako niliisoma wodini kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha tatu akaomba aisikie tena.

Jibu la Kamati limekuja. Nimekaa nalo siku mbili, na leo nakuandikia kwa mkono mzito, kwa hiyo nitasema yote mara moja.

Msimu umepewa. Tarehe mosi Juni hadi mwisho wa Agosti, mto wote. Lakini kuna sharti moja. Mkaguzi ameripoti kwamba majike wakubwa kuliko wote wa Orma wamo kilindi cha Eilert, na kwamba bila ile miaka minane ya kutoguswa pengine wasingekuwepo kabisa. Bi Ragnfrid ameandika, nanukuu, "Mto huu umeponea hapo." Kwa hiyo kilindi kifungwe moja kwa moja. Si mwaka, si miaka mitano. Hakuna mashua, hakuna fimbo, wala sasa wala baadaye. Tukikubali, tunatia sahihi kabla ya tarehe kumi na tano Desemba na msimu ni wetu. Tukikataa, wanarudi kwenye kufunga mto mzima.

Unaniona nilivyo? Miaka minane umengoja kuona mashua mle. Umeteremsha makasia mwezi haujaisha. Sasa mimi ndiye wa kuja kukuambia kifungwe tena, na safari hii kwa muhuri wa serikali.

Jana tulikutana ukumbini. Nilidhani kutakuwa na kelele. Niliwaeleza, nikasema, je, tutie sahihi? Akasimama Oddgeir, hakusema habari ya samaki yeyote. Alisema, "Tulikizunguka bila kumuuliza, tukamuumiza. Hatukifungi bila kumuuliza." Akakaa. Tukapiga kura, watu arobaini, mikono yote juu. Ukisema hapana, chama kinaandika hapana, na fimbo zinabaki darini miaka mitano. Pamoja na yangu.

Mimi sikuombi lolote. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa chama kizuri, hilo limenitosha.

Shemeji yako,
Torleiv


Orma, mashariki
9 Desemba 1997

Shemeji,

Hujajibu, na sikuharakishi. Mke wangu kaficha darubini. Moshi wako nauona bila hiyo, kwa hiyo najua uko hai. Umekasirika au unafikiri?

T.


Orma, magharibi
12 Desemba 1997

Shemeji Torleiv,

Nilikasirika kwanza, kisha nikafikiri. Kwa umri wangu mambo hayo hayafanyiki pamoja.

Siku ile barua yako ilipofika niliitia kwenye kuni, nikaitoa, ndiyo maana hiki kipande ninachokurudishia kina ukingo mweusi. Nilisema, basi ndivyo ilivyoandikwa, Eilert hatembelewi. Nilikuwa nimeshawaona tayari akilini, mashua tatu nne asubuhi ya kwanza, mtu anacheka, mtu anatukana mshipi uliokwama, sauti zinapanda hadi jikoni. Nilitaka kelele, Torleiv. Nyumba hii ina kimya cha kutosha. Nilikuwa tayari kukuandikia hapana, na sikuona kwamba ni uchoyo.

Lakini kila asubuhi nilikuwa nashuka hadi ukingoni na fimbo yangu ya kutembelea. Barafu imeanza pembeni, katikati bado maji yanakwenda. Na kila siku nilikuta nyayo kwenye theluji. Kwanza nikadhani ni za mbweha. Ni za viatu. Kumbe watu wako wanakuja! Sunniva alikuwa pale Jumatatu kabla ya kufungua duka. Jumatano nikamkuta mke wa Oddgeir, ametoka ng'ambo kote huko, kilomita kumi na nane, kuja kusimama tu. Hakuna aliyeniuliza nimeamuaje. Waligonga mlango wakanywa kahawa, wakaniambia habari za mafua na za wajukuu, wakaenda. Ijumaa walikuwa wanne mara moja, nikaishiwa maziwa.

Nimewahesabu, kama nilivyowahesabu wale wengine. Waliokuja kwangu wiki hizi mbili kwa ajili ya kilindi ambacho hawatakivua ni wengi kuliko waliowahi kuja kukivua kwa siku zile za magari makubwa. Hilo ndilo lililonimaliza.

Eilert aliishi kwa kuwapeleka watu kwenye samaki, na jioni wao wakapigwa picha, yeye akafunga mashua. Hakuwahi kuwa na samaki hata mmoja anayeitwa wake. Sasa mto mzima, kuanzia maporomokoni hadi chumvi, kila mtu atakayeshika samoni Juni na Juni nyingine huko mbele tukiwa tumeshaoza, atakuwa ameshika mtoto wa kilindi chake. Mkuu wa Kamati mwenyewe kaandika. Mke gani anayekataa hilo? Nimekwenda hadi kwenye mwamba nikalisema kwa sauti, na nilijisikia mkubwa kama mlima.

Tieni sahihi.

Nina masharti yangu, na usiniambie Kamati haipokei. Kwenye ramani yao kiandikwe kwa jina lake, herufi zote, si namba. Na watu waendelee kuja. Mlango wa kufungwa ni wa kilindi, si wa kwangu.

La mwisho ni lako. Nimekwenda dukani leo nikajiandikisha chama, Sunniva ameniandikia kadi. Tangu nimeolewa nimesikiliza wavuvi, nimewapikia wavuvi, nimewakaushia soksi, sijawahi kuvua samoni hata mmoja. Eilert alikuwa anasema mtu mmoja nyumbani lazima abaki na akili. Basi zimetosha. Tarehe mosi Juni alfajiri nitakuwa ukingoni, kwenye kilindi cha chini yake, na fimbo mpya. Wewe utapiga makasia. Mguu wako utakuwa umepona, na usipopona utapiga na mmoja. Utaniweka juu ya samaki kama alivyokuweka wewe miaka ishirini, utanyamaza, na nikimpoteza hutasema neno.

Ukichelewa naondoka na Oddgeir.

Gudveig,
mvuvi wa Orma